Meza ya Wawili: Utamu si Ushamba

Safari hii tunakwenda Ufaransa, kwenye bonde la mto Loire, tukaonje mvinyo mweupe. Najua wapo watakaosema, “Mhariri naye kazidi, Ufaransa tena!” Nivumilie kidogo. Jambo ninalotaka tuzungumze liko hapahapa, kwenye meza yenu ya Jumamosi jioni. Mhudumu kawapa orodha ya vinywaji, wewe unamwangalia mwenzio, mwenzio anakuangalia wewe, na mwisho mnaagiza kitu ambacho hakuna hata mmoja wenu aliyekitaka.

Mjini imeenea imani kwamba mvinyo wa watu waliosoma ni lazima uwe mkavu. Mkavu maana yake sukari ya zabibu imeliwa karibu yote na hamira wakati wa kuchachuka, kwa hiyo ulimini unabaki uchachu, si utamu. Ukiagiza mtamu, eti umekuja mjini juzi, bado uko kwenye soda. Matokeo yake watu wazima wenye kazi zao wanakunywa huku wamekunja uso, wanatikisa kichwa na kusema, “Mmh, nzuri.”

Mimi nasema hivi: aliyekuambia utamu ni ushamba hajafika Loire, hata kwa kusoma.

Mto mmoja, zabibu tatu

Loire ndio mto mrefu kuliko yote Ufaransa, kama kilomita 1,000 hivi. Unaanzia kwenye milima ya kusini, unapanda kaskazini, kisha karibu na mji wa Orléans unakata kona na kuelekea magharibi hadi Bahari ya Atlantiki, ukipita Tours, Angers na Nantes. Ni bonde la makasri ya wafalme, na sehemu yake kubwa imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Ni eneo la baridi kiasi, na baridi hiyo ndiyo inayofanya zabibu zake zibaki na uchachu safi hata zinapoiva. Uchachu huo ukumbuke, tutauhitaji mbele.

Aina za zabibu zinazolimwa huko ni nyingi, lakini kwa mvinyo mweupe wewe shika tatu tu. Karibu na bahari kuna Melon de Bourgogne. Katikati ya bonde kuna Chenin Blanc. Juu kabisa, upande wa mashariki, kuna Sauvignon Blanc.

Kinachowachanganya wengi ni lebo. Chupa nyingi za Afrika Kusini unazozikuta supamaketi zinakuambia jina la zabibu waziwazi. Watu wa Loire wao mara nyingi wanakuandikia jina la mahali, basi. Chupa inasema Sancerre, na unaweza usione neno Sauvignon popote, unatakiwa ujue mwenyewe. Hawakukusudia kukunyanyasa. Tangu mwaka 1935 Ufaransa ina sheria inayolinda majina ya mahali, na kila jina lina masharti yake: shamba liwe ndani ya mipaka ipi, zabibu ziwe aina gani, mavuno yasizidi kiasi gani. Sancerre na Vouvray walipata ulinzi huo mwaka 1936. Kwa hiyo ukishajua mahali gani panalima zabibu gani, umeshajua kusoma lebo. Kazi imekwisha.

Melon: rafiki wa chaza

Tuanzie baharini, karibu na Nantes. Mvinyo wa huko unaitwa Muscadet, na jina hili linadanganya watu kila siku. Muscadet hauna undugu na Muscat, ile zabibu yenye harufu ya maua ambayo mara nyingi hutengenezewa mvinyo mtamu. Muscadet ni mkavu, mwepesi, na una kaladha kidogo ka chumvichumvi kama upepo wa pwani.

Zabibu yake, Melon de Bourgogne, kama jina linavyosema, asili yake ni Burgundy. Mwaka 1709 Ulaya ilipigwa na baridi kali mno, mizabibu ya eneo la Nantes ikafa kwa wingi. Melon ilionekana kuvumilia baridi, basi ikapandwa kila mahali, na hadi leo imeshika eneo lile. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba Melon na Chardonnay ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Mmoja akawa staa wa dunia, mwingine akabaki kijijini anauza na chaza. Familia ndivyo zilivyo.

Kwenye lebo tafuta maneno sur lie. Maana yake mvinyo umekaa juu ya mashapo yake ya hamira msimu wote wa baridi bila kuhamishwa, na hilo linaupa mwili kidogo na kamchomo kepesi ulimini. Kwa chaza, kamba wa kuchoma au samaki wa limau, mambo safi kabisa. Na kati ya mivinyo ya Loire, huu ni mmoja wa ile isiyoumiza mfuko.

Sauvignon: mpole hapana

Sasa tupande mto hadi mwisho wa upande wa pili. Sancerre iko ng’ambo ya kushoto ya Loire, juu ya kilima, na Pouilly-sur-Loire iko ng’ambo ya kulia. Sancerre nyeupe na Pouilly-Fumé zote zinatengenezwa kwa Sauvignon Blanc peke yake. Ardhi ya huko ni ya mawe ya chokaa, udongo mweupe uliochanganyika na chokaa, na sehemu nyingine mawe ya gumegume, yale yanayotoa cheche ukiyagonga.

Sauvignon haina aibu. Kabla hujaifikisha mdomoni inakuletea harufu ya majani yaliyofyekwa sasa hivi, ndimu, wakati mwingine pilipili hoho mbichi. Ni kavu, na uchachu wake unaamsha mate. Watu wa pale wanainywa na jibini ya maziwa ya mbuzi kutoka kijiji cha jirani, Chavignol, na kwa kweli wawili hao waliumbwa kwa ajili ya kuoana.

Hapa kuna mitego miwili. Kwanza, Pouilly-Fumé siyo Pouilly-Fuissé. Fuissé iko Burgundy na zabibu yake ni Chardonnay, ladha tofauti kabisa. Pili, Sauvignon Blanc siyo Cabernet Sauvignon, ingawa undugu upo: mwaka 1997 wanasayansi wa California waligundua kwa vinasaba kwamba Cabernet Sauvignon, ule mwekundu mzito, ni mtoto wa Cabernet Franc na Sauvignon Blanc. Yaani mtoto mweusi tii, mzazi mmoja mweupe.

Sancerre ina jina kubwa na bei inajua hivyo. Ndiyo maana ikawa chupa ya watu wa maofisini. Na hapa naomba nikusimulie kidogo.

Nina shosti yangu ambaye mumewe aliambiwa na bosi wake kwamba mtu wa maana hunywa Sancerre. Basi kila maadhimisho ya ndoa yao, bwana anajinyima, ananunua chupa moja, anaileta nyumbani kaikumbatia kama mtoto. Shosti hapendi ile harufu ya majani, hata kidogo. Lakini ataanzaje kusema, na mwenzake kajinyima hivyo? Anakunywa, anashukuru. Miaka minne hiyo.

Mwaka wa tano wakaja wageni, mmoja kabeba chupa ya Vouvray demi-sec, yenye utamu kiasi. Kabla chakula hakijaiva, glasi ya bibi ilikuwa tupu. Akageuka kwa siri kumwangalia bwana, akakuta na yeye yake tupu.

“Kumbe na wewe?” bwana akauliza.

“Kumbe na wewe!” bibi akajibu.

Walicheka mpaka wageni wakataka kujua kulikoni. Aliponisimulia nami nilicheka, lakini baadaye nikakaa kimya. Watu wawili wanalala kitanda kimoja, wanapendana kweli, na kwa miaka minne kila mmoja anakunywa asichokipenda kwa kudhani mwenzake anakipenda. Kama kwenye chupa tumefichana hivyo, kwenye madeni, wakwe na mambo ya chumbani itakuwaje?

Chenin: mwenye sura nyingi

Chupa iliyowafichua hao wawili ilitoka katikati ya bonde, kwenye zabibu ya Chenin Blanc. Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na nasema bila kupepesa macho.

Chenin haina sura moja. Ukienda Savennières, karibu na Angers, unaikuta kavu, nzito, na inadai subira. Huko kuna shamba linaloitwa Coulée de Serrant, la hekta 7 hivi, ambalo mizabibu yake ya kwanza ilipandwa na watawa mwaka 1130. Ukienda Saumur unaikuta ya mapovu, iliyochachuka mara ya pili ndani ya chupa kama wanavyofanya Champagne. Na ukifika Vouvray, jirani na Tours, unaikuta kwa sura zote: kavu, tamu kiasi, tamu sana na ya mapovu.

Vouvray wanaamuaje? Wanaangalia mwaka. Mwaka wa baridi, zabibu haziivi sana, basi wanatengeneza mvinyo mkavu na wa mapovu. Mwaka wa jua la kutosha hadi mwisho, zabibu zinajaa sukari, wanatengeneza mtamu. Shamba lilelile, mzabibu uleule, mkulima yuleyule. Hawailazimishi zabibu iwe kitu ambacho mwaka haukuipa. Kisha wanaihifadhi kwenye mapango yaliyochongwa ndani ya mwamba laini wa chokaa, baridi yake haipandi wala haishuki. Vouvray tamu za mwaka 1947 mpaka leo zinatajwa kwa heshima na wanaojua mvinyo.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Kusini mwa Angers kuna mto mdogo, Layon, unaomwaga maji yake Loire. Vuli ikifika, asubuhi kunakuwa na ukungu kutoka mtoni. Ukungu huo unaleta ukungu mwingine, ule unaoota kwenye zabibu. Kiswahili chetu kinatumia neno moja kwa yote mawili, na safari hii limepatia. Mchana jua likitoka, vimelea hivyo vinatoboa ganda la zabibu, maji yanakauka, sukari na uchachu vinabaki vimejikusanya ndani. Zabibu inaonekana imeoza. Ukiiona sokoni utaitupa. Kumbe hiyo ndiyo dhahabu.

Wavunaji hawakati shamba lote kwa siku moja. Wanapita, wanachagua zilizofikia, wanarudi baada ya siku kadhaa, wanachagua tena. Kwenye eneo la Quarts de Chaume sheria hairuhusu kuvuna zaidi ya lita 2,000 za mvinyo kwa hekta, kiasi kidogo mno. Mwaka 2011 eneo hilo lilipewa hadhi ya grand cru, daraja la juu kabisa, la kwanza kwa bonde zima la Loire. Na mvinyo wake ni mtamu. Si mkavu, ni mtamu! Majirani zake, Bonnezeaux na Coteaux du Layon, nao ni watamu.

Unajua kwa nini utamu huo hauchoshi kama sharubati? Ni ule uchachu niliokuambia uukumbuke. Chenin inabaki na uchachu mkali hata ikiiva kupita kiasi, kwa hiyo unapata asali, tufaha lililopikwa na aprikoti, halafu uchachu unakuja kusafisha ulimi na unatamani tena. Utamu peke yake unakinaisha. Wenye ndoa mnanielewa.

Ngazi ya utamu

Haya, kata ukurasa huu uweke kwenye pochi. Kwa mvinyo usio na mapovu, sheria za Ulaya zinapanga maneno hivi:

Sec ni mkavu. Sukari haizidi gramu 4 kwa lita, au inafika 9 kama uchachu nao ni mkubwa.

Demi-sec una utamu kidogo. Sukari inafika gramu 12, au 18 kwa sharti lilelile la uchachu.

Moelleux ni mtamu, hadi gramu 45.

Doux ni kuanzia gramu 45 kwenda juu. Quarts de Chaume iko kwenye ngazi hii.

Angalia mambo mawili. Si kila chupa ya Vouvray inaandika neno hilo, kwa hiyo kama lebo iko kimya, muulize muuzaji, ndiyo kazi yake. Pia, kwenye mvinyo wa mapovu maneno yanabadilika maana: brut ni mkavu, na demi-sec ya mapovu ni tamu hasa, gramu 32 hadi 50 kwa lita. Usije ukalaumu mhudumu.

Chenin imeshafika kwetu

Kama Loire ni mbali kwa mfuko wako, usikate tamaa. Karne ya 17 Waholanzi walikuwa wanunuzi wakubwa wa mvinyo wa Loire, na ni Waholanzi haohao waliopanda mizabibu ya kwanza Rasi ya Tumaini Jema katika miaka ya 1650. Inaaminika Chenin ilikuwa miongoni mwa zabibu za mwanzo huko. Kwa muda mrefu waliiita Steen, na ilipofika miaka ya 1960 ndipo ikathibitishwa kwamba Steen ni Chenin yenyewe. Leo Afrika Kusini ina mashamba mengi ya Chenin kuliko nchi nyingine yoyote, Ufaransa ikiwemo.

Na Dodoma je? Chenin Blanc ni miongoni mwa zabibu zinazolimwa pale. Tofauti ni kwamba Loire mzabibu unalala usingizi wakati wa baridi na kuvunwa mara moja kwa mwaka, wakati Dodoma haukuti baridi ya kuulaza, na wakulima wanavuna mara mbili. Usitegemee ladha ileile, jua la Dodoma si jua la Vouvray. Lakini ukinunua chupa moja ya Dodoma na moja ya Afrika Kusini, zote Chenin, umepata somo zuri la jioni kwa bei ya kawaida.

Jioni ya karatasi mbili

Mwezi huu nawapa kazi ya nyumbani, nyie wawili. Kama mmoja wenu hatumii kileo, kwa dini, ujauzito au kwa kutaka tu, fanyeni kwa juisi au chai, faida ni ileile.

Nunueni chupa mbili, moja kavu na moja yenye utamu. Zisiwe za barafu, maana baridi kali inaua harufu. Nyuzi 8 hadi 10 zinatosha, kwa hiyo itoe kwenye friji dakika kama 15 kabla. Kwa joto la Dar, mimina kidogokidogo, chupa irudi kwenye baridi. Kavu ianze, tamu ifuate, kwa sababu ukianza na tamu ile kavu itaonekana kama siki. Chakula kiwe tayari: samaki wa kuchoma kwa ile kavu, na kwa tamu jaribuni kitu chenye pilipili, kama kuku wa kupaka. Utamu kidogo unatuliza moto wa pilipili, wakati mvinyo mkavu wenye kileo kikubwa unauchochea.

Halafu kila mtu achukue karatasi yake. Andika chupa ipi umeipenda na kwa nini, bila kuchungulia ya mwenzako na bila kutaja bei. Mkimaliza, badilishaneni karatasi na kila mmoja asome ya mwenzake kwa sauti.

Mkifanana, hongereni, mmeokoa pesa. Mkitofautiana, hongereni zaidi, maana sasa mnajua. Mume anaweza kubaki na Sauvignon yake na mke na Chenin tamu yake, na hakuna sheria inayosema lazima glasi zifanane ndipo muitwe kitu kimoja. Ila mkizibua chupa ya pili, funguo za gari ziwekwe kabatini, teksi zipo.

Na mhudumu akija Jumamosi, mwambie kwa sauti ya kawaida tu: “Naomba nyeupe, yenye utamu.” Akikuangalia vibaya, mwulize kama anaijua Quarts de Chaume.

Tukutane mwezi ujao.

Mhariri